Uwanja wa Kuukeni

Nairobi,
9 Februari 1998

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani kwako salama, kifua kimetulia, na Mama hajambo, na binamu yangu Alamin hajambo, na kila anayenitaja kwa wema hajambo. Mimi huku ni mzima, ila baridi ya asubuhi imenifundisha kuoga mchana.

Mjomba, nina jambo la kukueleza na sijui nianzie wapi. Wajua kwamba niliomba kusomea biashara. Majina yalipobandikwa hapa chuoni nikajikuta nimepangwa kwingine kabisa: usimamizi wa michezo. Nilisimama pale ubaoni nikalisoma jina langu tena na tena, nikidhani labda ni Alfani mwingine. Nikaenda ofisini kuuliza. Mama mmoja akanijibu bila kuinua macho kwamba kozi ni mpya, wanafunzi ni wachache, na nishukuru. Basi nikashukuru, ingawa mpaka leo sijui nilishukuru nini.

Siku ya kwanza nilikwenda darasani nimevaa raba na bukta. Wenzangu nikawakuta wamevaa mashati na wameshika kalamu. Tangu hapo sijagusa mpira hata mara moja. Tunasoma sheria za mikataba, hesabu, namna ya kuendesha mkutano, hata namna ya kumtuliza shabiki aliyekasirika. Mwalimu wetu mkuu ni Daktari Ndeti, ambaye hatibu mtu. Anasema michezo ni kazi kama kazi nyingine, na anayedhani amekuja hapa kukimbia atakimbia kurudi kwao. Usiku nalala nikijiuliza nitakapomaliza nitaitwa nani. Mwalimu huitwa mwalimu, wakili huitwa wakili. Mimi je?

Nina ombi. Mama bado anajua nasomea biashara. Nilianza kumwandikia, nikachana karatasi. Wewe ndiye mtu wa mpira katika jamaa zetu, nawe ni kaka yake. Ukimweleza wewe ataelewa, kisha labda naye atanieleza mimi.

Mpwa wako,
Alfani


Msambweni,
27 Februari 1998

Kwa Alfani mpwa wangu,

Marahaba. Assalaam aleikum hukuniandikia, naona Nairobi imekwisha kukuharibu, lakini mimi nakupa wewe: assalaam aleikum. Sisi sote tu wazima, Alhamdulillahi. Kifua kinakuja na kwenda kama mgeni asiye na haya, wala usikihangaikie.

Barua yako aliisoma Alamin hapa barazani baada ya sala ya alasiri, watu wamejaa tele, maana miwani yangu imekaliwa na mtoto wa jirani na bado sijaitengeneza. Unajua barua zako huwa nataka zisikike. Alipofika kwenye usimamizi wa michezo watu wakatazamana. Kisha mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Kwani alipoondoka hapa mpira alikuwa haujui?" Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikawaambia wacheni ujinga, mtoto anasomea kuendesha mpira, si kuupiga. Nilisema kwa sauti kubwa ili nao waone naelewa, lakini moyoni, mwanangu, sikuelewa chochote.

Mimi nimeiendesha timu yetu ya Tewa tangu wewe unanyonya. Mwenyekiti ni mimi, mweka hazina ni mimi, jezi nafua mimi, na refa asipotokea filimbi napuliza mimi. Shabiki akikasirika namshika mkono namtoa nje, akitulia namrudisha. Sasa hilo nalo lina daktari wake?

Mama yako nimemwambia. Aliuliza tu kama kuna mshahara. Nikasema upo. Hebu niambie kama upo.

Uwanja umeumia. Ile mvua ya mwisho wa mwaka iliondoka na mchanga wa upande wa barabara, na goli la kusini likainama kama mtu anayetafuta sindano. Musyoki golkipa, aliyekimbilia kwa jamaa zake Mackinnon Road wakati wa vurugu za mwaka jana, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa, amerudi, nashukuru. Yeye na Alamin wamelisimamisha goli. Alamin sasa ndiye kepteni. Miguu anayo, na mdomo anao zaidi.

Wewe soma. Ukikwama katika mambo ya mpira usione haya, niulize mimi. Nitakujibu lolote.

Mjomba wako,
Garama


Nairobi,
16 Machi 1998

Kwa Mjomba wangu,

Assalaam aleikum, na shikamoo juu yake, usije ukanisema tena. Mimi sijambo. Kifua chako vipi? Mama aliniandikia kwamba umekohoa sana mwezi huu na hospitali hutaki kwenda, nayo iko hapo hapo Msambweni. Tafadhali Mjomba, nenda. Mtu wa umri wako hachezi na kifua.

Mshahara upo, kwa atakayepata kazi. Hilo la mwisho usimsomee Mama.

Umesema nikikwama nikuulize, nami nimekwama. Daktari Ndeti ametupa kazi ya muhula. Kila mmoja achague klabu anayoijua, aeleze inavyoendeshwa, kisha aseme itakuwaje siku ambayo kiongozi wake hayupo. Wenzangu wamekimbilia timu kubwa za hapa Nairobi. Mimi nikainua mkono nikasema Tewa ya Msambweni. Darasa zima liligeuka kunitazama, lakini mwalimu alipenda, akasema hiyo ndiyo klabu hasa. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku nilijiona nina akili.

Basi naomba unijibu haya kwa ukweli, maana yana alama. Uwanja wa Tewa ni wa nani? Una hati, na hati ina jina gani? Wewe ukiondoka nani atauchukua? Umekwisha kumwambia mtu, au jambo liko moyoni mwako tu? Na mpaka wake watu wanaujua, upande wa minazi na upande wa barabara, hata wewe usipokuwapo wa kuwaonyesha?

Naomba unijibu upesi kabla hatujachelewa.

Mpwa wako akupendaye,
Alfani


Msambweni,
30 Machi 1998

Alfani,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Hospitali sikwenda, wala sitakwenda.

Barua yako ilisomwa barazani kama ile ya kwanza. Alamin alifika kwenye "wewe ukiondoka", akainua macho akanitazama. Nikamwambia soma. Akaimaliza yote kwa sauti, neno kwa neno, na mpaka wa upande wa minazi na wa upande wa barabara. Hakuna aliyecheka. Watu walikunywa kahawa yao haraka wakaenda zao, na jua bado liko juu.

Mama yako ameingia ndani na hajatoka. Nimemkataza asikuandikie neno.

Mpwa haulizi. Kama hilo hulijui, mwulize daktari wako.

Mjomba wako,
Garama


Nairobi,
8 Aprili 1998

Kwa Mjomba wangu mpendwa na kuheshimiwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, na tena shikamoo. Naomba barua hii usimpe mtu aisome.

Tangu nipate yako sili vizuri. Nimeisoma nikitafuta kosa langu, na kila nikilipata linageuka jingine. Kwanza nilidhani umekasirika kwa sababu nimekuuliza mbele za watu. Kisha nikadhani ni kwa sababu ya kukutaja umri. Kisha nikadhani labda Tewa haina hati na nimekuaibisha. Nilimwendea Daktari Ndeti kama ulivyosema. Nikamweleza, akaniuliza wewe kwangu ni nani hasa, nikamwambia ni kaka wa mama. Akasema kwao Kitui shamba ni la baba, na kwa hivyo yeye hajui, ila anahisi nimekanyaga mahali.

Mjomba, wajua nililelewa Waa kwa watu wa kuumeni, kwa marehemu Baba, kisha nikaingia shule ya bweni. Kwako nilikuja likizo tu, nikacheza mpira, nikala, nikaondoka. Mambo mengi ya kwenu hakuna aliyeniketisha akanifunza.

Basi naomba uamini neno moja. Sikuwa na nia yoyote. Ilikuwa ni kazi ya shule tu. Uwanja mimi wa nini? Siutaki, Mjomba, sijapata kuutaka hata siku moja, na hata ukinipa leo sijui nitaufanyia nini. Mwambie Alamin hivyo, mwambie na Mama, mwambie kila aliyekuwa barazani. Na ile kazi ya mwalimu nimeibadilisha, nimeandika juu ya klabu ya hapa Nairobi.

Nijibu hata mstari mmoja nijue umenisamehe.

Mpwa wako,
Alfani


Nairobi,
20 Julai 1998

Kwa Mjomba,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Sijui kama barua zangu zinafika, au zinafika na hazifunguliwi. Naandika hivyo hivyo. Naomba Mungu akupe afya, na nyumba nzima pia.

Likizo ya Aprili sikuja. Nilimwambia kila mtu nina kazi ya maktaba, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Nilifikiri nitakapotokea pale barazani, nitakaa mkeka gani?

Kazi yangu ya muhula nilipata alama mbaya. Daktari Ndeti aliandika chini yake kwamba hii imeandikwa na mtu ambaye hajapata kuukanyaga uwanja anaousema. Ni kweli. Mwezi huu tulitazama fainali ya Kombe la Dunia hosteli, wenzangu wakipiga kelele juu ya meza, na mimi nilikuwa natazama majani tu, yalivyokatwa.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni Wakulima nikamkuta dereva wa lori la nazi, mtu wa huko kwetu. Nikafurahi nikamuuliza habari za Tewa. Akaniambia Tewa haichezi. Akasema Alamin amehama nyumbani tangu mwisho wa mwezi wa tatu, yuko Diani, na vijana wengi wamemfuata wameanzisha timu nyingine. Akasema majani ya uwanjani yamefika magotini, umefunga ng'ombe kwenye goli la kusini, na wewe mwenyewe hukai barazani tena. Nilimuuliza imekuwaje. Akanitazama kama ninayemfanyia mzaha. "Si wewe?" akasema.

Mjomba, mimi nimefanya nini? Niliuliza swali, nikaambiwa mpwa haulizi. Nikalifuta swali, nikasema sitaki kitu, na bado nyumba imevunjika. Nimechanganyikiwa kabisa. Nikikaa kimya naona nina hatia, nikisema naona naongeza. Nipige, nitukane, lakini niambie. Nije? Nisije? Mama nimwandikie au bado umemkataza?

Mpwa wako,
Alfani


Msambweni,
14 Agosti 1998

Kwa Alfani,

Waaleikum salaam. Marahaba. Barua zako zilifika zote nikazifungua zote. Kifua hakijambo, nilikwenda hospitali mwishowe, Musyoki alinipeleka karibu kwa nguvu. Wakanipa dawa ya maji, tamu kupita kiasi.

Nilikuwa sitaki kukujibu. Nilisema nikae hivi hivi mpaka nitulie, na naona situlii, nazidi kuchafuka. Kwa hivyo kaa chini unisikilize, wala hakuna atakayekusomea hii kwa sauti.

Uwanja ule si wangu wa kununua. Nilipewa na mjomba wangu, naye alipewa na wake. Ni mali ya kuukeni. Kwa wazee wetu cha mjomba hushuka kwa mtoto wa dada, nami dada ninaye mmoja, na yeye mtoto wa kiume anaye mmoja. Siku ikifika, mjomba mwenyewe humwita mpwa na mama yake, wakazunguka mpaka pamoja mbele za watu, na kwisha. Mpwa haulizi. Akiuliza kabla hajaitwa, maana yake anamwambia mjomba wake kwamba anachelewa kufa. Nawe uliuliza kifua changu kwanza, ukaja kwenye hati, kisha ukasema nikujibu upesi kabla hatujachelewa. Walioisikia barua ile walinitazama kama walionijia matanga.

Lakini hata hilo lina njia yake. Mpwa akikosea akauliza, mjomba hukasirika, lazima akasirike. Humjibu maneno machache makali. Kisha mpwa hurudi nyumbani, hukaa chini na mama yake, huomba radhi, na hapo ndipo jambo linapozungumzwa kwa utulivu. Mimi nilikujibu kwa ukali kama inavyopasa. Nilimkataza mama yako asikufunze, nikitaka nione kama damu itakuonyesha mwenyewe. Halafu tukakungoja. Mama yako alifua shuka za chumba cha uani.

Na kuna jambo ambalo hulijui. Jioni ile ile barua yako iliposomwa, Alamin aliniuliza, "Baba, uwanja ni wa nani?" Sheikh anasema cha baba ni cha watoto wake, na sheikh hakosei. Wazee wanasema cha kuukeni hurudi kuukeni, nao hawakusema ovyo. Nilikaa katikati kama refa asiye na filimbi. Mwisho nikamwambia uwanja ni wa Alfani. Hakugombana nami. Laiti angegombana. Alichukua viatu vyake vya mpira akatoka, na asubuhi tukasikia yuko Diani.

Nikasema moyoni haidhuru, uchungu utapoa, angalau jambo limekaa mahali pake. Baada ya siku chache ndipo ikaja barua yako ya tatu. Miwani nilikuwa nimeifunga kwa uzi, nikaisoma mwenyewe. Uwanja mimi wa nini. Siutaki. Ni kazi ya shule tu.

Alfani, nilimnyima mwanangu kwa ajili yako, nawe ukaniandikia kwamba ni kazi ya shule.

Sikuweza kumwambia mtu. Mama yako hajui mpaka leo ulichoandika, anajua tu hukuja. Nikimfuata Alamin nimwambie rudi, binamu yako ameukataa, nitakuwa nampa mwanangu makombo. Ndiyo maana nimefunga ng'ombe. Yeye angalau anakula majani, hana swali.

Umeniuliza uje au usije. Sijui. Naona aibu kukuita, na naona aibu kukuambia usije. Wewe ndiye unayesomea mambo haya.

Mjomba wako,
Garama


Nairobi,
29 Agosti 1998

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Nimefurahi juu ya hospitali, na Musyoki nampa shukrani zangu.

Barua yako niliisomea nje ya maktaba nikalia, watu wakipita. Sikujua, Mjomba. Wallahi sikujua. Nilidhani ukali wako ni mlango umefungwa, kumbe ulikuwa ukinifungulia. Nilidhani nikisema siutaki nimekupa heshima. Naomba radhi kwa yote mawili, kuuliza na kukataa, na ingawa radhi hii inapasa kuombwa nimekaa chini mbele yako, ipokee kidogo kwa sasa.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata mimi sikulijua nilipokuandikia mwezi wa nne. Muhula huu tunafundishwa kupanga viwanja. Tulipelekwa kwenye uwanja mkubwa wa hapa, tukaambiwa tuchore mahali pa kuingilia watu, pa kukaa, na maji ya mvua yatokee wapi. Nilichora. Daktari Ndeti aliposimama nyuma yangu akaniuliza kwa nini nimeweka mteremko upande wa mashariki, na pale ni tambarare. Nikatazama karatasi yangu nikaona kweli. Nilikuwa nimechora barabara ya Lunga Lunga, ile ya kando ya uwanja wetu. Nilikuwa nimechora pale akina mama wanapokaa na mabuyu, na lile shimo karibu na kona ambalo maji hutuama, na minazi ambayo mpira ukipita hapo unahesabiwa umetoka. Kila nikichora uwanja wowote unatoka ule. Sijui tangu lini.

Nautaka, Mjomba. Naona haya kuandika, lakini nautaka sana, na nilikudanganya kwa kutojua.

Na kwa sababu nautaka, sikiliza ninachokuomba, na kama ni kosa jingine niambie kwa ukali wako wote, safari hii nitaelewa. Niite kama inavyopasa. Mimi na Mama tuje, tuzunguke mpaka nawe mbele za watu, unikabidhi. Wazee watakuwa wamepata haki yao. Kisha hapo hapo, kabla watu hawajaondoka, mimi nimpe Alamin. Nitakuwa nampa changu, kwa hivyo hayatakuwa makombo yako, na sheikh naye hatakuwa na neno. Mimi nimalize masomo, kisha kama Alamin atanitaka nije nifanye kazi chini yake, nichore mistari na niandike barua za ligi, nitakuja. Akinikataa nitatafuta kwingine.

Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kimeniuma. Sijui kama ni hekima au ni wazimu. Kuna saa naona nimepata njia, na kuna saa naona nitapoteza uwanja siku ile ile nitakayoupata, na moyo unaniuma kama niliyeibiwa. Lakini Alamin ni wako, na hayupo nyumbani, na alitoka kwa sababu ya kalamu yangu.

Mwambie Mama yote. Nimechoka kufichwafichwa.

Mpwa wako,
Alfani


Msambweni,
21 Septemba 1998

Kwa Alfani mwanangu,

Waaleikum salaam, marahaba. Sisi wazima. Mama yako nimemwambia. Alinikemea mimi kwanza, kwa kumfungia mdomo wakati wote huo, kisha akaanza kukukemea wewe, akashindwa kumaliza. Amefua shuka tena.

Barua yako niliikunja nikaitia mfukoni nikaenda Diani. Sikumtuma mtu. Nilimkuta Alamin kwenye bustani ya hoteli moja, anakata majani, amevaa ovaroli ya kijani yenye jina la watu wengine kifuani. Amekonda. Aliponiona alizima mashine akasimama tu, nami nikasimama, na watalii wakapita katikati yetu. Nikampa barua.

Wewe unajua anavyosoma, kwa sauti, kama anayetangaza. Safari hii aliisoma kimya. Aliisoma akarudi mwanzo akaisoma tena, akafika mahali fulani akacheka kidogo, nadhani ni pale pa shimo la kona, maana yeye ndiye aliyeteguka mguu pale. Kisha akaikunja akanirudishia.

"Yeye anipe mimi uwanja wa baba yangu?" akasema. "Mwambie aje aniambie hayo machoni."

Mwanangu, nilimtazama usoni na sikujua kama amekubali au anatafuta ugomvi. Nikamuuliza wazi. Akaniambia hata yeye hajui, atajua akikuona. Nikamuuliza, basi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao utakuja? Akawasha mashine yake. Lakini nilipofika getini niligeuka, naye alikuwa ameizima tena ananitazama. Akainua mkono.

Kwa hivyo nakuita. Ninakuita mimi Garama, kaka wa mama yako, uje uonyeshwe mpaka wa kuukeni baada ya sala ya Ijumaa. Watu nimewaambia. Wazee wamekubali wakanung'unika. Sheikh amekubali naye akanung'unika, upande mwingine. Musyoki hajaelewa lolote, kwao mambo ni mengine, ila amesema atasimama golini pake kama kawaida, ili kama mtapigana mpigane mbali na nyavu.

Kama utampa Alamin, mpe. Kama utafika pale ukauona ukashindwa kumpa, nitakuelewa, wala sitakuchukia. Kama yeye atakataa kupokea, hapo mimi sina la kusema tena, sijui itakuwaje, wala daktari wako hajui. Nimekwisha kuyageuza haya kila upande nimechoka. Ninachojua ni kwamba nataka niwaone nyote wawili pale uwanjani siku moja, mmesimama kwa miguu yenu, nikiwa na macho ya kuwaona.

Ng'ombe nimemtoa. Majani vijana wamefyeka, na chokaa ninayo, mistari nitapiga mwenyewe.

Barua hii usiijibu. Barua ndizo zilizotufikisha hapa. Nikiiona bahasha yako posta, nitajua huji.

Mjomba wako,
Garama